Friza inayeyuka, mchicha unaganda: kurekebisha baridi ya friji Arusha na Moshi

Friji likizingua, karibu kila mtu anaanzia kwenye swichi ya baridi. Maziwa yamechacha, swichi inazungushwa mpaka mwisho. Kesho yake mchicha umeganda, inarudishwa mpaka moja. Keshokutwa nyama kwenye friza imelainika, anaitwa fundi, naye hata begi hajatua anasema, "Dada, hili limeisha gesi." Mara nyingi gesi iko palepale. Swichi haikupewa muda wa kufanya kazi yake, na aliyeizungusha hakujua kwamba namba iliyofaa Moshi mwezi wa pili inaweza isifae kabisa Arusha mwezi wa saba, hata kama friji ni lile lile na kati ya miji hii ni kilomita 80 tu.

Swichi inaamrisha nini

Namba 1 hadi 5, au 1 hadi 7, si nyuzi joto. Namba ikiwa kubwa baridi inazidi. Sifuri maana yake friji limezimwa. Wapo wanaosoma kinyume, wakidhani namba ndogo ni joto dogo, na hapo hata ushauri mzuri unawaharibia vitu.

Ndani ya swichi ya kuzungusha kuna themostati. Ina kibomba chembamba chenye gesi kidogo, na ncha yake imeshikizwa karibu na sehemu inayotoa baridi. Joto likipanda, gesi ile inatanuka na kusukuma, umeme unaungana, kompresa inawaka. Baridi ikitosha, inasinyaa na umeme unakatika. Unapozungusha namba unakaza au kulegeza springi, yaani unaamua baridi ifike wapi ndipo kompresa isimame. Kwa hiyo friji la kawaida lililowekwa 7 halipoozi soda haraka kuliko lililowekwa 3. Kompresa inakwenda mwendo ule ule, ila inachelewa kusimama. Mafriji ya inverta ndiyo yanayobadili mwendo, na mengi ya hayo hayana swichi ya kuzungusha.

Kuna jambo la pili, na hilo ndilo chanzo cha maajabu mengi. Friji la milango miwili la bei ya kawaida, friza juu na friji chini, lina kompresa moja na mara nyingi themostati moja. Themostati hiyo inapima sehemu moja tu, kwa kawaida huku chini. Friza haiulizwi, inapata baridi pale tu sehemu ya chini inapoihitaji.

Pima kwanza

Sehemu ya chini iwe nyuzi 4 au pungufu kidogo, lakini isifike sifuri. Friza iwe nyuzi 18 chini ya sifuri. Kipimajoto kinachofaa friji si ghali, na usikitundike hewani, maana hewa ya friji inabadilika kila mlango ukifunguliwa. Kitumbukize kwenye glasi ya maji, weka glasi rafu ya katikati usiku kucha, soma asubuhi kabla mtu hajachukua maziwa ya chai. Kwenye friza kibane katikati ya mifuko miwili iliyoganda.

Ukiwa na wasiwasi na kipimajoto chenyewe, jaza glasi barafu iliyopondwa, ongeza maji kidogo, koroga, subiri dakika chache: kinatakiwa kisome sifuri. Usikijaribu kwa maji yanayochemka ukitegemea kusoma 100. Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na huku maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi. Utakitupa kipimajoto kizima.

Kama huna kipimajoto, tumia aiskrimu. Ikichoteka kwa kijiko bila kukaza mkono, friza haijafika baridi inayotakiwa.

Sasa zungusha namba moja. Moja tu, kisha usiguse kwa saa 24. Hapa ndipo wengi wanashindwa, kwa sababu nyumba ina watu watano na kila mmoja ana mkono. Bandika karatasi mlangoni ikibidi.

Friza imelainika, ila chini kuna baridi nzuri

Hili ni tatizo la Arusha, kuanzia Juni mpaka Agosti. Linawakuta pia watu wa Marangu na Kibosho kule juu mlimani. Katika jambo hili wao wako kundi moja na Ilboru ya Arusha, si na Pasua ya Moshi. Dalili zake unaziona ukitoa mfuko wa nyama: damu imetiririka ikakusanyika kona moja ya mfuko, ikaganda upya pale. Au lambalamba za watoto zimepinda. Nyama iliyeyuka usiku, mchana ikaganda tena.

Usiku wa Julai jiko la nyumba ya Arusha linashuka chini ya nyuzi 15 kirahisi, hasa kama friji limewekwa stoo au barazani. Joto la kuingia kwenye sehemu ya chini ni dogo, kwa hiyo themostati inaona mambo shwari na haiwashi kompresa kwa muda mrefu. Ila friza inahitaji nyuzi 18 chini ya sifuri, na kwake hata chumba cha nyuzi 13 ni joto kali. Kompresa ikilala, friza inayeyuka taratibu huku maziwa chini yakiwa salama kabisa.

Na hapa watu wanakosea upande, tena kwa hoja inayoonekana nzuri: kuna baridi nje, basi tupunguze friji, tuokoe uniti za LUKU. Wanashusha kutoka 3 mpaka 1, na kompresa inazidi kulala. Kwenye friji la aina hii msimu wa baridi unaweza kukulazimu *upandishe*, kutoka 2 mpaka 3, au 3 mpaka 4, ili kompresa ifanye kazi ya kutosha kuilisha friza. Utalipia kwa upande wa chini, kwa kuwa vitu vilivyo karibu na ukuta wa nyuma vitataka kuganda. Vivute mbele.

Kinachosaidia zaidi ya namba ni kulihamisha friji likae jikoni penye joto la kupikia, bila kulisogeza hadi ubavuni mwa jiko. Angalia pia ndani karibu na taa: baadhi ya mafriji ya Ulaya yanayokuja kama mtumba yana swichi ndogo ya msimu wa baridi, wakati mwingine ina alama ya chembe ya theluji. Ukiiwasha, taa au hita ndogo inatia joto kidogo sehemu ya chini ili themostati ishtuke na kuwasha kompresa. Wengi wanaishi na swichi hiyo miaka bila kujua kazi yake. Julai iwashe, Oktoba izime, la sivyo inakula umeme bure.

Kibandiko cha friji, chenye namba ya modeli, kina herufi za hali ya hewa. SN ni friji lililotengenezwa kwa chumba cha nyuzi 10 hadi 32. N ni 16 hadi 32. ST ni 16 hadi 38. T ni 16 hadi 43. Ona kwamba hata lile la T, linalosifiwa kuwa la nchi za joto, haliahidiwi chochote chini ya nyuzi 16. Kwa nyumba ya Njiro au Moshono mwezi wa saba, joto la usiku mara nyingi linashuka chini ya hiyo 16. Ukinunua friji jipya Arusha, kibandiko kilichoandikwa SN-T, yaani kuanzia 10 mpaka 43, ndicho cha kutafuta. Muuzaji atakueleza habari za rangi na kitoa maji mlangoni. Wewe soma kibandiko.

Friji lenye sensa mbili, ya friza na ya chini, kila moja na kipimo chake, halisumbuki sana na jambo hili.

Mboga na maziwa yanaganda huku chini

Anza na msimu: swichi ilipandishwa wakati wa joto na hakuna aliyeishusha. Shusha namba moja, subiri siku.

Halafu tazama vitu vimekaa wapi. Kwenye friji linalogandisha kwa ukuta wa nyuma, ukuta huo ndio wenye baridi kali. Kwenye friji lisiloota barafu (no frost), tundu la kuletea hewa kutoka friza huwa juu, nyuma ya rafu ya kwanza. Tango likikaa mbele ya tundu hilo linaganda hata swichi ikiwa 2. Mchicha, sukuma na figili viwe kwenye droo, vimekaushwa maji. Friji tupu nalo linagandisha ovyo, kwa sababu hakuna kitu cha kuitunza baridi kati ya kompresa kuwaka na kuzima. Chupa chache za maji zinalituliza.

Ikiwa umeshusha mpaka 1 na bado kunaganda, sikiliza. Kompresa inatakiwa isimame. Kama usiku mzima haikusimama, na kipimajoto kinasoma chini ya sifuri huku chini, basi themostati haikati. Ama ncha ya kile kibomba imechomoka kwenye kishikio chake, haigusi tena sehemu inayotakiwa kuihisi, ama vyuma vyake vya kuunganisha umeme vimeshikana kwa kuungua. Chomoa plagi, fungua mfuniko wa swichi, uangalie kibomba. Ukikuta kinaning'inia, kirudishe taratibu bila kukikunja. Kikivunjika, themostati imekufa. Kubadilisha themostati ni kazi ndogo na ni rahisi kuliko kujaza gesi, kwa hiyo fundi akianza na gesi kwenye friji *linalogandisha kupita kiasi*, mwage chai yake na umsindikize. Friji lisilo na gesi haligandishi.

Halipoi vya kutosha, na kompresa haipumziki

Hapa tumeshuka Moshi, Januari na Februari, mchana umepita nyuzi 30 na ukuta wa jiko unaoelekea magharibi umekuwa wa moto. Uniti zinakimbia. Mtu anapandisha mpaka 7, na mambo yanakuwa mabaya zaidi.

Sababu ni hii. Kwenye mafriji mengi ya kawaida, barafu ya ukuta wa nyuma inayeyuka yenyewe kila kompresa inaposimama, maji yanateremka kwenye kitundu na kutoka. Ukiweka mwisho kabisa siku ya joto, kompresa haifiki mahali pa kusimama. Barafu haipati nafasi ya kuyeyuka, inaongezeka unene, na barafu nene inazuia baridi kutoka. Kwa hiyo kwenye joto la Moshi weka 4 kwenye swichi ya 1 hadi 7, au 3 kwenye ya 1 hadi 5, na uhakikishe kwa sikio kwamba kompresa inasimama walau mara kwa mara. Kama kuna barafu nene tayari, zima, acha milango wazi, iyeyuke yote, ndipo uanze upya. Kisu usikiguse. Tundu moja kwenye aluminiamu na gesi yote imetoka, na safari hii fundi atakuwa na haki.

Mengine ya kukagua hayahusu swichi hata kidogo, na mara nyingi ndiyo yenye kosa. Friji lipewe nafasi nyuma, kama kiganja cha mkono kizima kupita, na wavu mweusi wa nyuma ufutwe vumbi. Vumbi jekundu la Moshi likichanganyika na mafuta ya kukaangia linakuwa blanketi. Sufuria ya mtori iliyotoka motoni isubiri ipoe kidogo kwanza, ila isikae nje zaidi ya saa mbili. Igawe kwenye vyombo vidogo, itapoa upesi. Na kama nyumbani mnauza barafu na maji ya baridi, muelewe kwamba kila mlango unapofunguliwa kwa mteja, na kila mifuko ya maji ya uvuguvugu inapoingizwa kwa mkupuo, friji linaanza kazi upya. Biashara hiyo inahitaji friza lake la kulala. Friji la maziwa ya mtoto lisifanye kazi mbili.

Mpira wa mlango upime kwa noti. Funga mlango juu ya noti ya elfu moja, ivute. Ikitoka bila kukaza, hewa inapita hapo. Zungusha kipimo hicho pande zote nne, hasa kona ya chini upande wa bawaba. Mara nyingi mpira ni mchafu tu: osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, kausha. Ukiwa umepinda, kitambaa cha maji ya moto kinaulainisha urudi kwenye umbo.

Na lile friji la mtumba lenye kibandiko cha N, ambalo mwisho wake ni nyuzi 32, usilishangae likishindwa mchana wa Februari. Limefika ukingoni.

Friza ngumu, chini joto

Hii ni kinyume cha ile ya Julai, na inayapata zaidi mafriji yasiyoota barafu. Humo baridi yote inatengenezwa upande wa friza, kisha feni inaisukuma chini kupitia kilango kidogo cha hewa. Ndiyo maana unakuta swichi mbili. Moja inaongoza kompresa. Nyingine, mara nyingi iliyo ndani ya friza, inaongoza mgawanyo wa hewa: ukiisukuma upande wa baridi kali ya friza, inabana hewa inayoshuka chini. Mtu anataka friji zima lipoe, anapandisha zote mbili mpaka mwisho, na chini kunazidi kuwa na joto. Rudisha ile ya friza katikati, subiri saa 24.

Haikusaidia? Fungua mlango wa friza, bonyeza kwa kidole kile kitufe kinachobanwa na mlango ukifungwa, usikilize feni huku kompresa ikiwa inafanya kazi. Kimya kinaweza kumaanisha feni imekufa au imeshikwa na barafu. Ukiona ukuta wa plastiki wa nyuma ya friza umeota barafu au umevimba, koili iliyo nyuma yake, yaani mabomba yanayotoa baridi, imezibwa na barafu. Toa vyakula, chomoa plagi, acha milango wazi siku nzima na usiku wake, weka matambara chini. Liwashe. Likifanya kazi vizuri wiki moja au mbili kisha likarudia yale yale, sasa umepata jibu la uhakika: mfumo wa kuyeyusha barafu haufanyi kazi, yaani hita, taima au sensa yake. Mwambie fundi maneno hayo hayo na utampunguzia nusu ya kazi.

Lenye skrini na vitufe

Kwa haya maelezo ni mafupi. Vitufe visipoitika, limefungwa. Shikilia kitufe chenye alama ya kufuli sekunde tatu hivi. Likionyesha 37 na 0, limewekwa kwenye Farenhaiti: 37 ni karibu nyuzi 3, na 0 ni karibu 18 chini ya sifuri, kwa hiyo liko sawasawa. Taa zinawaka, skrini inang'aa, lakini halipoi hata kidogo na ndiyo kwanza limetoka dukani? Huenda limeachwa kwenye hali ya maonyesho, ambayo inazima kompresa makusudi. Namna ya kuitoa iko kwenye kitabu chake. Skrini inaonyesha baridi uliyoiomba, na kwa mengi si ile iliyomo ndani, kwa hiyo glasi ya maji na kipimajoto bado vina kazi.

Umeme, kisha gesi

Jioni taa zikififia na kompresa ikaunguruma sekunde chache, ikalia tak, ikanyamaza, ikarudia, usiguse swichi ya baridi. Umeme ni mdogo, au friji limewashwa mapema mno baada ya kukatika. Kompresa inahitaji dakika tatu hadi tano ili mgandamizo wa gesi ndani ujisawazishe kabla haijawaka tena. Stabilaiza yenye kuchelewesha inafanya kazi hiyo. Ikiwa huna, chomoa plagi umeme ukikatika, na ukirudi hesabu dakika tano. Mlango ukikaa umefungwa, sehemu ya chini inatunza baridi saa 4 hivi. Friza iliyojaa saa 48, iliyojaa nusu saa 24. Nyama ambayo bado ina barafu ndani yake inaweza kurudishwa kuganda.

Gesi ya friji haitumiki ikaisha kama ya kupikia. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa. Ikipungua, kuna mahali inavuja. Dalili yake ni kompresa isiyosimama, barafu inayoota kona moja tu ya sehemu ya kugandishia huku kwingine kukiwa kukavu, na wavu wa nyuma usiopata joto. Ukiziona zote, mwite fundi, na kabla hajaunganisha mtungi muulize uvujaji uko wapi na atauziba vipi. Soma kibandiko pamoja naye: kikisema R600a, hiyo ni gesi inayoshika moto, inajazwa kwa kupimwa kwa gramu kwenye mizani, na friji linapelekwa nje, uani, kabla ya kuchomea bomba lolote.